Kisu Kidogo cha Kazi: Stenlesi au Chuma cha Kaboni?

SWALI

Assalaam aleikum, Bwana Mjibu Maswali. Mimi ni mkazi wa Likoni. Siku za kazi huwa ofisini kisiwani, na mwisho wa wiki huingia baharini na ami yangu kuvua kwa mshipi. Kisu nilichokuwa nacho ni cha kukunja, na mwezi uliopita kilijikunja nikikata chambo, kikanichanja kidole cha shahada hadi kikashonwa nyuzi tatu. Sasa nataka kisu kidogo kisichokunjika, cha inchi nne hivi kutoka mpini hadi ncha, kikae katika ala kiunoni.

Washauri wangu hawapatani. Ami, aliyeanza kuvua kabla mimi sijazaliwa, anasema ninunue cha chuma cha kaboni kama chake, kilichofuliwa kwa springi ya lori, kwa kuwa stenlesi kwake yeye ni chuma cha kukatia keki. Rafiki yangu, ambaye ni mpishi wa hoteli huko Nyali, anasema kupeleka kisu cha kaboni baharini ni kukipeleka kuliwa na kutu. Mimi nitakatia chambo na kamba, nitapaa samaki, na pengine nitamenya embe tukiwa huko huko mashuani. Ni nani kati yao mwenye haki? Na je, ni kweli kwamba nikienda dukani nichukue sumaku, kwa sababu stenlesi ya kweli hainaswi na sumaku?

Msomaji, Likoni

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa kidole. Nikujibu kabla ya kueleza: kwa kazi ulizozitaja, na kwa jinsi unavyoishi, nunua stenlesi. Sumaku iache nyumbani, maana itakupoteza, na sababu yake nitaifikia. Hata hivyo ami yako hajakosea kwa kiasi anachodhani rafiki yako, na ukinunua stenlesi bila kuelewa hasa anacholalamikia mzee, miezi mitatu haitapita kabla hujaniandikia tena kuhusu kisu kisichokata hata boflo.

Tuanze na majina, kwa sababu yanapotosha watu. Visu vyote viwili vina kaboni. Chuma kitupu ni laini, na kinachokigeuza kikawa pua, kama wazee walivyokiita chuma kinachoweza kukazwa kikashika makali, ni kaboni kidogo iliyochanganywa ndani yake. Katika visu vingi kiasi hicho huwa kati ya nusu ya asilimia moja na asilimia moja kamili. Springi ya lori aliyoifua mhunzi wa ami yako huwa na kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6. Kisu cha jikoni cha Kijerumani chenye alama ya X50CrMoV15, ambacho rafiki yako bila shaka ameshakishika kazini, kina asilimia 0.5, na ile 50 iliyomo katika alama ndiyo inayolisema jambo hilo. Kumbe kwa kaboni wanakaribiana sana, wanaachana kwenye kromiamu, metali nyingine inayochanganywa na chuma. Chuma kikitiwa kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho hujifanya juu yake kila kinapokutana na hewa, na ngozi hiyo huzuia kutu. Ukiikwaruza hujirudisha yenyewe, maadamu oksijeni inakifikia chuma. Kisu hicho cha Kijerumani kina kromiamu ya karibu asilimia 15. Springi ya lori ina asilimia moja hivi, na nyingine hazina kabisa.

Lawama ya ami ina umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata mchanganyiko wenye kromiamu ya asilimia 12.8 na kaboni ya asilimia 0.24, uliokataa kushika kutu. Sheffield ulikuwa mji wa mafundi visu, kwa hiyo akawaendea hao, na mafundi wa mwanzo walimfanyia mzaha kwamba amevumbua visu visivyokata. Sisemi walimwonea. Kaboni ya asilimia 0.24 ni chache mno kwa makali ya kudumu, na chuma chenyewe kilitaka moto wa namna ambayo mafundi wale hawakuwa wameizoea. Mambo hayo mawili yalirekebishwa zamani, ila sifa mbaya ikikushika haikuachii, na ndiyo hiyo iliyofika mpaka kwenye mashua ya ami yako.

Niseme zaidi juu ya moto, kwa sababu wanunuzi wengi huuliza jina la chuma na kusahau kuuliza kilivyokazwa. Nimekaa mara nyingi na wahunzi wa jua kali wakifua springi. Kipande huzikwa katika makaa, mvukuto ukavuma hadi kikaiva chekundu, na mhunzi makini huwa na sumaku ndogo aliyoitoa katika spika mbovu ya redio, imening'inizwa kwa waya, ambayo huigusisha kwenye chuma kila baada ya muda. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, sumaku huacha ghafla kukinasa, nacho huachwa motoni kidogo zaidi kisha hutumbukizwa katika mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu kupita kiasi, na ukikiangusha sakafuni huenda kikavunjika kama kigae, kwa hiyo hurudishwa katika joto dogo la nyuzi 200 au zaidi kidogo ili kipunguze ugumu na kipate ustahimilivu. Kazi yote hiyo yawezekana kwa makaa, mafuta na jicho la mtu aliyeifanya miaka mingi. Stenlesi ya kisu haitaki hivyo. Inataka zaidi ya nyuzi 1,000, mara nyingi karibu na 1,050, tena kwa dakika zilizopimwa, katika tanuri lenye kipimajoto cha kuaminika. Ukikosea joto au muda unapata chuma laini au chuma kinachomeguka. Ndiyo maana mhunzi wa mtaani anaweza kukufulia kisu kizuri kabisa cha springi, lakini akikuambia amekufulia cha stenlesi, mshukuru uondoke.

Hapo pia ndipo wanaponaswa wanunuzi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua hapa mjini, katika duka moja la vyombo, kisu kilichong'aa hata nikajiona uso ndani yake, chenye neno la stenlesi na hakuna alama nyingine yoyote. Wiki ya kwanza kilikata vizuri tu. Wiki ya pili nilikuwa nikitenga kichwa cha changu, nikakaza kidogo kwenye mfupa wa shingo, na nilipokiinua kwenye mwanga nikaona makali yamelala upande mmoja kama ukurasa wa kitabu uliokunjwa pembe. Nilikinoa, yakalala tena upande wa pili. Chuma cha aina hiyo, ama hakikukazwa ipasavyo, ama ni kile cha jamii ya sufuria na masinki, chenye nikeli nyingi, ambacho hata ukitumbukize motoni mara kumi hakikaziki. Kwa sufuria ni chuma bora, nacho kutu hukiogopa, ila hakina la kufanya na makali.

Sasa sumaku. Sufuria nyingi za stenlesi hazinaswi na sumaku, na nadhani hapo ndipo aliyekushauri alipoanzia. Stenlesi inayofaa kwa kisu ni ya jamii nyingine, ile inayokazika, nayo hunaswa kama msumari. Basi ukienda dukani na sumaku ukachagua kile kisichonaswa, kwa visu vya kawaida utakuwa umechagua kijiko chenye ncha. Ukitaka kuijua kaboni, kipimo chetu cha Pwani kinatosha. Chukua kisu cha ami, kioshe kwa sabuni mpaka mafuta yatoke, kikaushe, kamulia tone moja la ndimu juu ya bapa lake, kisha ungoje dakika kumi. Ukifuta utakuta doa la kijivu lenye ukingo uliokoza, mara nyingine lenye rangi ya samawati kidogo kama shingo ya njiwa, na harufu ya chuma itakujia puani. Fanya hivyo hivyo kwa kisu cha rafiki yako wa hotelini, na doa hutaliona. Mwenye duka hatakuruhusu kukamulia ndimu bidhaa yake, kwa hiyo huko tegemea alama. Neno INOX, kwa mfano, limekatwa kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya kisichoshika kutu, na kampuni ya Uswisi ya akina Elsener ililiunganisha mwaka 1921 na jina la Victoria, mama yake mwanzilishi, likatoka Victorinox.

Neno tupu la stenlesi, bila jina la mtengenezaji wala alama ya chuma, mimi sinunui tena. Zitafute alama kama 420, ambayo ni laini kiasi lakini hustahimili maji ya chumvi na hunoleka upesi. Au 12C27 ya Uswidi, yenye kaboni ya asilimia 0.6 na kromiamu ya asilimia 13.5, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayokufaa zaidi. Au 440C, yenye kaboni ya karibu asilimia moja na kromiamu ya 16 hadi 18, ambayo hudumu na makali lakini ikishakuwa butu hukupa kazi kwenye kinoo. Jihadhari na kisu chenye alama ya D2, ambacho wauzaji hukisifu kwamba kina kromiamu ya asilimia 12. Kweli inayo, lakini kina pia kaboni ya asilimia moja na nusu, na kaboni hiyo huikamata sehemu kubwa ya kromiamu ikaifungia ndani ya chembe ngumu, hivi kwamba inayobaki huru kuikinga ngozi ya juu haitoshi. Bara, porini, D2 ni kisu cha kutamaniwa. Katika maji ya Mtongwe kitakuonyesha madoa kabla ya mwezi kuandama mara ya pili.

Wala usidhani stenlesi haina adui. Adui wake ni chumvi ile ile. Kloridi iliyomo katika maji ya bahari hutoboa ile ngozi nyembamba mahali padogo, na kutu ikipata tundu huchimba kwenda chini badala ya kutambaa juu, ukaja kuona vishimo kama vilivyochomwa kwa sindano, vyeusi katikati. Dawa ya kufulia nguo yenye klorini hufanya vivyo hivyo, na nimeona visu vya jikoni vilivyolowekwa humo usiku kucha ili visafike, asubuhi vikawa na ndui. Upepo wa Kusi unapovuma, huleta unyevu wa chumvi hadi ndani ya kabati zetu, sembuse kwenye ala iliyo kiunoni mwa mtu aliyelowa. Vipo vyuma vya wapiga mbizi ambavyo sehemu ya kaboni imebadilishwa kwa nitrojeni, kama LC200N, navyo karibu havishiki kutu hata ukivisahau majini, lakini bei yake ni ya mtu anayeishi chini ya maji, na wewe hurudi nyumbani jioni.

Kurudi nyumbani ndiko kulikoniamulia swali lako. Mtazame ami akifanya kazi. Akishakata chambo, kabla hajashika mshipi, hukipitisha kisu kwenye kikoi mara mbili, upande huu na upande huu, na ukimwuliza kwa nini amefanya hivyo huenda akakuuliza kufanya nini. Jioni hukisuuza kwa maji ya kisima, hukipaka mafuta ya nazi kwa kidole, na alfajiri hukigusisha kwenye kinoo kabla ya kutoka. Kisu cha kaboni kilicho mikononi mwa mtu wa namna hiyo hakipati nafasi ya kushika kutu, na fadhila zake zote humfikia: chembe za ndani ni ndogo na laini, makali hukaa membamba kama wembe, na mipito michache ya kinoo hurudisha ukali uliopotea. Wewe utarudi Jumapili magharibi umechoka, utatundika ala nyuma ya mlango, na Jumatatu utakuwa kwenye feri. Kisu chako kitakaa siku tano na chumvi yake bila mtu kukiangalia. Sikulaumu, maana hata mimi ni wa ofisini. Lakini ndiyo sababu sikushauri ununue chuma kinachotaka tabia ya ami wakati huna bado tabia hiyo.

Ukipata stenlesi nzuri, angalia mambo mawili ambayo watu wanaobishana juu ya vyuma huyapitia mbali. La kwanza ni msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Mwaka jana jirani yangu aliniletea kisu cha kaboni cha marehemu baba yake, kengee yake nzima kuanzia mpini hadi ncha ikiwa safi na imepakwa mafuta, akilalamika kwamba mpini unacheza. Nilipolitoa noleo, lile pete la shaba linaloshika mpini usipasuke, nikaupasua mti, nikakuta msuka uliokuwa na upana wa kidole umeliwa ukabaki kama chelewa, na unga mwekundu umejaa ndani hata ukaupanua mti ukatoa ufa. Maji ya chumvi yalikuwa yakiingia pale kwenye noleo miaka na miaka, na shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi huharakisha chuma kuliwa. Chagua basi kisu ambacho mpini wake umeumbwa kwa plastiki au mpira ukauzingira msuka bila nafasi, au ambacho msuka wake una upana wa mpini mzima na unaonekana ukingoni, ili kutu ikianza uione.

La pili ni ala. Ya ngozi hupendeza, nami ninayo moja, lakini ngozi hunywa maji ikayahifadhi, na kisu kilichotiwa humo kibichi hulala katika kitambaa chenye chumvi. Ya plastiki yenye tundu chini hutoa maji, na unaweza kuisuuza chini ya bomba pamoja na kisu. Ukifika nyumbani, hata kama hutafanya lolote jingine, vichomoe vyote viwili, vipitishe maji baridi, na uviache vimetengana hadi asubuhi. Kwa stenlesi hilo linatosha.

Kwenye kinoo usiogope. Nunua jiwe la pande mbili, upande wa chembe kubwa na upande wa chembe ndogo, uliloweshe maji. Pembe ya kunolea huwatisha wengi, na kuipata ni rahisi: simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha kilaze nusu ya hiyo nusu, nawe utakuwa kwenye digrii 20 na kitu, ambazo ndizo zinazofaa kwa kisu kitakachokutana na mifupa na kamba za nailoni. Sukuma upande mmoja mpaka kidole kihisi uzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili kwa urefu wote, kisha geuza. Kwenye kaboni uzi huo hukatika wenyewe karibu bila kuombwa. Kwenye stenlesi laini hung'ang'ania, hulala huku na huku, na mtu hudhani amenoa kumbe anakatia uzi, ambao ukikatika kwenye samaki wa kwanza kisu huwa butu pale pale. Nadhani nusu ya lawama za wazee juu ya stenlesi ni uzi huu. Uondoe kwa kupunguza nguvu kabisa katika mipito ya mwisho, ukibadilisha upande kila mpito, kisha uburute kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi, au juu ya ule ukingo usio na rangi ulio chini ya kikombe cha udongo.

Ukitaka kumaliza ubishi na ami nyumbani kwake, Morakniv wa Uswidi huuza kisu cha umbo moja, chenye kengee ya takriban sentimita 10, katika vyuma vyote viwili. Nunueni kimoja kimoja, mpae samaki siku moja, kisha mviache vyote viwili ndani ya ndoo ya mashua usiku mmoja.

SWALI

Nina kisu cha marehemu bibi yangu, cha chuma cha kaboni, ambacho miaka yote kilikuwa na rangi ya kijivu iliyokoza. Mkaza mwanangu kwa nia njema alikisugua kwa waya wa sufuria hadi kikang'aa. Tangu hapo vitunguu nikivikata vinakuwa vyeusi kwenye ukingo na kachumbari ina ladha ya chuma. Je, kina madhara, na kinaweza kurudi kama kilivyokuwa?

Msomaji, Mji wa Kale

JIBU

Mama, madhara hakina, na kitarudi. Rangi ile ya kijivu haikuwa uchafu. Ni tabaka la oksidi ya chuma lililojijenga kwa ndimu, maembe na vitunguu vya miaka mingi, na likishakomaa hukitenganisha chuma kitupu na chakula. Mkaza mwanao ameliondoa, na sasa chuma kinagusana moja kwa moja na asidi, ndiyo hiyo ladha unayoionja kwenye kachumbari. Kioshe kwa sabuni, kikaushe, kisha kipanguse kwa kitambaa kilicholowa siki ya uvuguvugu, ukirudia mara tatu au nne hadi kijivu kianze, na baada ya hapo kitumie kwa nyama iliyopikwa na maembe mabichi wiki mbili tatu kabla ya kukirudisha kwenye kachumbari. Tofautisha tu rangi hiyo na kutu nyekundu: kijivu na samawati viache, nyekundu iondoe kwa majivu na kizibo cha chupa. Mafuta ya nazi yanafaa kukipaka, maana hayagandi yakawa gundi juu ya chuma kama ya alizeti, ila yafute yabaki ukungu tu. Na mkaza mwana asigombwe sana, kwani kazi yenyewe aliifanya vizuri mno.

SWALI

Muuzaji mmoja wa Kongowea amenionyesha kisu chenye tabaka tatu, kaboni katikati na stenlesi pande mbili, akisema nimepata vyote na kutu nimeisahau. Ni kweli?

Mchuuzi wa samaki

JIBU

Visu hivyo vipo kweli, na Wajapani huvitengeneza vizuri sana kwa ajili ya jikoni. Kutu itakipata mahali ambapo kaboni imetokeza, yaani kwenye ule mstari mwembamba wa makali, huku mabapa yakibaki safi. Kwa hiyo utafuta mstari mmoja badala ya kisu kizima, na kufuta hutakuepuka. Kabla hujalipa, kitazame kwenye jua ukikigeuza polepole: palipounganishwa kweli utaona mpaka wa mawimbi yasiyolingana kati ya rangi mbili. Mpaka ulionyooka kama uliopigwa rula, wenye kina kimoja pande zote, mara nyingi ni rangi iliyochapwa juu tu.